Alama za Mtani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, jua likiwa halijavuka minazi, nilimpoteza mume wangu. Tangu hapo siku zinanipitia kama ukungu wa shambani hapa Zinga: naziona, hazishikiki. Ila siku moja ya nyuma hunirudia ikiwa nzima.

Yalikuwa mashindano ya kughani mashairi shuleni. Mume wangu aliitwa awe jaji wa tatu pamoja na walimu wawili, kwa kuwa alikuwa na sikio la vina. Mimi nilikaa benchi la wazazi, upepo ukicheza na khanga zetu, nikawa nasinzia na kuamka.

Jirani yetu Mnyamwezi alikuwa na binti anayeshindana. Kwetu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani: hutukanana bila kukasirika, na akifa mmoja, mwenzake huja kufanya vituko msibani ili wafiwa wapumue. Asubuhi ile walikutana getini.

"Nyie wabeba pembe za ndovu," mume wangu alimwambia, "mlifika pwani mkasahau njia ya kurudi. Leo mwanao anakula sifuri."

"Lete hiyo sifuri, nitaichovya kwenye nazi zenu mbovu! Akishinda anakwenda wilayani, na hiyo kanzu yako naivaa mimi."

Binti aliposimama, hata hajaanza, mume wangu aliweka kalamu mezani. "Huyu ni mtoto wa mtani wangu. Siwezi kumpima."

Mwalimu mkuu akacheka. "Mzee, utani si undugu."

"Kwani ni nini?" Hakuishika tena kalamu.

Binti alighani. Nikifumba macho bado namsikia, sauti inapanda polepole kama maji yanavyoingia mikokoni. Walimu wawili wakapishana: mmoja alimchagua yeye, mwingine mvulana kutoka Kiwangwa. Mwalimu mkuu akaamua. Akaenda wilayani mvulana.

Kesho yake jirani alipita mbele ya nyumba yetu. "Habari za asubuhi, mzee," akasema, akaenda zake. Mume wangu alisimama na ufagio mkononi kama aliyepigwa kofi. Tangu siku hiyo mtani wake akawa anamsalimu kwa adabu, bila tusi hata moja.

Jioni, tukimenya mihogo, nilimuuliza, "Ungempa ngapi?"

"Nilishampa zote kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana."

"Kamwambie babake, basi."

"Nikimwambia, nitakuwa nimempa."

Sikumwelewa vizuri. Sina hakika kama namwelewa hata leo.

Siku ya msiba nilikuwa chumba cha ndani na wanawake. Hapakuwa na vituko. Kimya kile kilinielemea kuliko kilio. Wanaume wakainua jeneza, nikasikia nyayo zao, halafu nyayo zikasimama.

"Hatoki mtu hapa!" Jirani alikuwa amekaa kizingitini. "Kanidhulumu huyu! Alama za mwanangu kwanza!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mimi sikucheka. Nilisema kwa nguvu kutoka ndani, "Alimpa zote, mtani. Kabla mtoto hajafungua mdomo. Ndiyo maana aliweka kalamu."

Jirani akaligeukia jeneza.

"Mzaramo mkubwa wewe," akamwambia maiti. "Umeniacha nikusalimie muda wote huu!"

Akainuka. "Nipisheni na mimi nitie bega," akasema, na wakatoka naye.