Kisu Kwenye Shokapu ya Baba

Harufu ya pikipiki ya Baba ilifika nyumbani kabla ya mlio wake. Ilikuwa harufu ya maji ya samaki yaliyochacha, chumvi mbichi ya Kabatoro na mavi ya ng'ombe ya barabara ya Hamukungu, vyote vimepikwa pamoja na joto la injini. Tulikaa Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye nyumba za wachimba shaba, alikozaliwa Baba baada ya babu kuhama kutoka Kenya. Kazi ya mgodini ilipokwisha, Baba alinunua pikipiki, akawa anabeba samaki wa Kasenyi, na siku nyingine chumvi, hadi soko la Bwera, mpakani na Kongo. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa na miaka kumi, na nilipewa kazi niliyoichukia kuliko kuosha choo: kufuta shokapu za mbele, zile nguzo mbili zinazomeza mitikisiko ya gurudumu, kila alasiri aliporudi.

Aliyeianzisha kazi hiyo ni fundi wetu wa Bwera, Mkongo wa Butembo tuliyemwita Papa Kambale. Ndani ya shokapu kuna mafuta, na kinachoyazuia yasivuje ni sili, pete ya mpira inayolikumbatia bomba la chuma linalong'aa, linalopanda na kushuka pikipiki ikipita mashimoni. "Mupira haiogope muzigo, inaogopa buchafu," alimwambia Baba nikiwa nimesimama pale. "Mupanguse na kitambaa safi, na maji, mbele ya matope ikauke. Chumvi nayo iko nakula chuma."

Maneno yalikuwa rahisi. Uchafu haukuwa rahisi. Magamba yalinata kwenye lile bomba, nzi waliopondeka walitoa utumbo wa njano, na ute wa samaki ulivutika vidoleni kama kamasi. Nilifuta huku nimebana pua begani. Mara mbili nilitapika. Juma moja la mvua nilishindwa kabisa. Siku tatu nilimdanganya Baba kwamba nimefuta, na siku ya nne uchafu ulikuwa umekauka kama kigae. Sikutaka kuugusa. Nikachukua kisu cha jikoni nikaukwangua. Chuma kililia. Ilibaki mikwaruzo mitatu, nikaipaka mate, kana kwamba ni kidonda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku chache baadaye niliona duara la unyevu juu ya sili, kisha mchirizi wa mafuta ukiteremka kuelekea breki. Niliuona. Nilijua si maji. Nikanyamaza, na hadi leo hapo ndipo ninapojichukia kuliko popote.

Siku ya soko Mama alipanda nyuma ya Baba kwenda kununua vitenge. Kwenye mteremko wa kuingia Bwera mbuzi alikatiza barabara. Baba alibana breki ya mbele, lakini ilikuwa imelowa mafuta, haikushika. Waliangukia mtaroni. Jirani aliponifikisha zahanati nilimkuta Mama ameketi benchini, magamba ya samaki kwenye nywele zake, kiwiko kimevunjika, mkono unaning'inia kama si wake.

Kesho yake Baba alinichukua hadi kwa Papa Kambale, kulikopelekwa pikipiki. Fundi alipitisha ukucha juu ya bomba, ukakwama. Akapitisha tena.

"Hii haiko chumvi," alisema. "Hii ni kisu, ndiyo ilikata mupira. Nani alikwangua?"

"Kwangu hakuna mtu anakwangua," Baba alijibu kwa hasira. "Huyu mtoto anafuta kila siku."

Kule kuaminiwa kulinichoma kuliko fimbo. "Ni mimi, Baba," nikasema. "Nilisikia kinyaa."

Hakunipiga. Alinitazama kama nilivyokuwa nikitazama ute wa samaki, akatema mate pembeni, akasema neno moja tu: "Kinyaa!" Kwa siku nyingi hakuniita kwa jina. Mama ndiye aliyenirudishia kitambaa. Mkono mmoja kwenye plasta, alinishikia beseni kwa mkono wa pili kila alasiri, akaniambia, "Tapika ukitaka. Halafu ufute."

Leo ninafundisha Bwera, na Mama anaishi nami. Siku hizi mifuko ya mpira ya kukinga shokapu imejaa kila duka la spea, kitu ambacho Baba hakuwa nacho. Yeye, baada ya ajali, alizifunga kwa vipande vya tyubu. Hata hivyo, stendi nzima ya boda utakuta shokapu zinazotiririka mafuta, na mtoto mchanga amepakatwa juu ya siti. Ninasikia kichefuchefu ambacho samaki hawajawahi kunipa. Ukiuliza utajibiwa: "Madamu, ni mafuta kidogo tu."

Mkono wa Mama haukunyooka tena. Hawezi kujifunga kilemba, mimi humfunga. Jumapili iliyopita, kabla ya kupanda boda kwenda kanisani, aliinama kwa shida akachungulia gurudumu la mbele.

"Mwanangu, hii inavuja," alimwambia dereva.

Kijana akacheka. Mama alinishika bega kwa mkono wake mzima, tukaanza kutembea polepole juani. Tulifika misa imekwisha kuanza.