Aliyemwandikia Mama Yangu

Najua mtasema ni upweke wa ugenini. Semeni. Mimi nilikuwepo, na msidhani mambo haya ni ya usiku tu. Yalinipata mchana kweupe, ukumbini, taa zikiwaka.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Nilikuwa mwanafunzi Houston, nikipanga chumba mtaa wa Sharpstown. Chuo kilinipeleka wiki nzima karibu na Dallas, kwenye kongamano la watu wa hati za mapambo na kujalidi vitabu. Mwandiko wangu ndio ulionipeleka. Mama, kule Machakos, hakuwa na simu. Kila mwezi nilimwandikia barua, naye alizipeleka kanisani watu wauone mkono wa mwanawe.

Siku ya kwanza ya darasa la mwandiko, katikati ya akina mama wa Kizungu, akaketi kando yangu mwanamke wa makamo, Mkongo, akasema anaitwa Mapendo na anakaa DeSoto, mji wa hapo karibu. Niamini, kusikia Kiswahili pale kulinitoa machozi.

"Mudogo yangu, kalamu ya mupya tunaijaribu na majina," aliniambia. "Andika jina yako, ya mama, na ya mama yake."

Nani kwetu asiyejua kwamba mgeni hapewi jina la mama? Si ndilo mganga analouliza kwanza? Nilijua. Nikaliandika, tena vizuri kuliko nilivyowahi kuandika chochote.

Wiki ile tulikula pamoja, tukacheka, nikamwita dada. Kila jioni aliniomba niandike kidogo, yeye akiutazama tu mkono wangu. Kalamu yake haikuwahi kugusa wino, na mimi, mjinga, sikujiuliza.

Siku ya mwisho kila mwanafunzi aliwagawia wenzake kurasa zake, kila mmoja akajalidi nakala yake ya kitabu cha darasa. Mapendo hakuja. Nilipomuuliza mwalimu alinitazama kwa huruma, akasema kiti kile kilikuwa kitupu wiki nzima, wao walidhani napenda kuongea peke yangu. Nikafungua kitabu changu. Mwandiko wangu ulikuwamo mara mbili, na ukurasa wa pili sikuuandika mimi: "Mama mpendwa, kuanzia sasa nitakuandikia zaidi."

Tangu siku hiyo herufi zangu zinapepesuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwandikia mama hivyo hivyo, asinijibu. Baada ya miaka miwili nikapata nauli, nikaenda.

Alinipokea mlangoni bila kunikumbatia. Akanipa karatasi na kalamu, nikaandika jina langu. Akalilinganisha na bunda la barua alizozitia ndani ya Biblia, zote zenye stempu za Marekani, zote kwa mkono wangu wa zamani. Ya juu kabisa ilimwonya kwamba atakuja mtu mwenye sura kama yangu.

"Karibu chai," akasema, akanitolea kikombe cha wageni. "Ukirudi huko, mwambie mwanangu namshukuru kwa barua."

Yule mwanamke nilimpenda, ndicho kinachoniuma hadi leo. Basi wewe, ukikutana ugenini na anayeongea lugha yako, mkaribishe, kula naye, lakini jina la mama yako usilitoe. Mama yangu yu hai bado, na kila mwezi anapata barua.