Mkono Ulioitwa Tapeli

Mama Herufi amechora mabango kwa miaka thelathini na moja, na usithubutu kumwambia kwamba herufi ni herufi tu. Utajuta! Atakusimamisha mlangoni pa karakana yake akueleze kwa nini R ya duka la dawa husimama wima na R ya saluni hujikunja kwa madaha, mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Rula hatumii. Kompyuta ndiyo kabisa. Ana brashi saba, mkono wake wa kulia, na ulimi ambao haujawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa sikia. Mtaa wa pili kuna fundi wanamwita Maridadi, mtu asiye na haya hata chembe. Mchana kweupe alipita na simu akipiga picha mabango ya Mama Herufi, akayaweka kwenye tovuti yake na kuandika chini: kazi zetu. Basi mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, aliyetafuta fundi wa kuandika kuta zote za shule, akaja karakana uso umekunjamana.

"Mama, kazi hizi hizi nimeziona kwa Maridadi. Mmoja wenu ananidanganya. Kamati inakaa Ijumaa saa sita mchana. Kama ni zako, ziweke kwenye tovuti yenye jina lako, na picha za ulipokuwa unazichora, tuone wenyewe."

Picha zilikuwepo. Binti yake amekuwa akizipiga miaka yote, mama yuko juu ya ngazi, brashi mkononi. Iliyokosekana ni tovuti.

Siku hiyo hiyo binti akajaza fomu ya kampuni inayopangisha nafasi za tovuti. Jina, namba ya simu, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, yote yakapita. Likabaki moja: mwombaji aandike kwa mkono jina lake na tarehe ya leo, aishike karatasi karibu na uso, apigwe picha. Walieleza kuwa kuna matapeli wanaofungua tovuti kwa vitambulisho vya wizi.

"Hilo tu?" Mama Herufi akacheka. Akachukua kalamu nene, akaandika kama anavyoandika siku zote, mistari imenyooka, nafasi zinalingana, kila A pacha wa mwenzake.

Jumatano asubuhi jibu likaja kutoka kwa mashine yao ya ukaguzi. Ombi limekataliwa, maandishi yametengenezwa kwa kompyuta.

Akarudia. Na safari hii, ili wasiwe na shaka, akaandika kwa uangalifu zaidi. Ndilo kosa lenyewe hilo! Wakamkatalia tena, wakamwonya kuwa akijaribu udanganyifu mara ya tatu watamfungia moja kwa moja.

"Mama, andika vibaya tu," binti akamsihi. "Pindisha kidogo, nani atajua?"

"Mimi nitajua!" Damu ilimchemka. "Mwizi ana tovuti, halafu mimi mwenye kazi niharibu mwandiko wangu ndipo niaminike? Sitaki. Asilani! Wapigie."

Binti akapiga. Wakamzungusha siku nzima, akabembeleza, akalia, na machozi hayakuwa ya kuigiza. Ijumaa saa nne asubuhi, afisa wa kitengo cha kuzuia utapeli akatokea kwenye simu ya video, kijana mwenye tai.

"Mama, umetuma karatasi mbili za kughushi. Hii ni nafasi ya mwisho."

"Mwanangu, mashine imenitukana na wewe unairudia? Haya. Taja maneno yoyote. Yoyote!"

Afisa akafikiri, akatafuta marefu ili ambane. "Andika: afisa wa dawati la tisa hakubali kudanganywa na mtu yeyote."

Binti akaelekeza simu ubaoni. Mama Herufi akachovya brashi. Hakupima, hakupiga mstari, hakufuta. Alipofika kwenye "dawati", kijana alikuwa ameisogelea kamera mpaka pua ikajaa kioo. "Jamani, njooni muone!" akawaita wenzake.

Alipofika kwenye "tisa", afisa akakohoa. "Inatosha, mama. Nimeamini. Nimeshakufungulia."

Binti akapiga kelele, akaegemeza simu kwenye kopo la rangi, akakimbilia kompyuta kupakia picha. Kazi ya shule waliipata, nikutoe wasiwasi mapema, na Maridadi alifuta zile picha siku hiyo hiyo. Lakini utamu wangu mimi uko pale kwenye simu.

"Basi, mama, siku njema."

"Unakwenda wapi? Sentensi yako sijaimaliza."

"Nina watu wengine wanasubiri, mama."

"Nami nilisubiri. Mara mbili mmeniita tapeli bila kunitazama. Leo utanitazama mpaka nukta. Kaa!"

Afisa akavuta kiti, akakaa. Mama Herufi akachovya brashi na kuanza H ya "hakubali", taratibu.