Kofia ya Kazi Iliyojaa Unga

Ipo siku moja ya jua kali, mwanangu Deo, ambayo mwezi huu mzima hainitoki kichwani. Kila asubuhi nikikusikia, nyumba ya pili kutoka kwangu, unapiga pasi shati lako jeupe, moyo wangu unashtuka, kwa sababu najua unakokwenda. Unakwenda hadi Golf, mtaa wa wenye pesa, unasimama karibu na ukuta wa baba yako mdogo, ili gari lake likitoka akuone na akumbuke kwamba alisema atakutafutia kazi. Jioni unarudi, shati bado safi, unasema kesho. Basi kaa nikusimulie. Mimi ni dada mkubwa wa mama yako, na wewe ni mwanangu hata nikikukaripia.

Babu yako, yaani baba yetu sisi, alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya migodi. Enzi zile kampuni ilikuwa baba na mama. Nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, na kila mwezi ilitoa posho: unga, samaki wa chumvi, maharagwe na mafuta, kulingana na idadi ya watoto. Mtoto akizaliwa, posho inaongezeka. Siidharau posho. Ndiyo iliyonikuza, na meno haya machache niliyobaki nayo ni yake. Wakati ule mke wa mtu wa kazi hakuuza kitu sokoni, maana majirani wangesema mume wake ameshindwa.

Kisha mambo yakaharibika. Wanaume wakaambiwa wakae nyumbani, wataitwa. Posho ikakatwa. Baba akaiosha mifuko ya posho, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati ili iwe tayari siku ile itakaporudi. Na kila asubuhi akavaa kofia yake ngumu ya kazini, akaenda kukaa mbele ya lango la kampuni pamoja na wenzake. Sisi watoto tulifundishwa la kujibu: mtu akiuliza, papa eko ku kazi.

Usifikiri alikuwa mvivu. Watu hupenda neno hilo, hasa walioshiba. Baba aliamka kabla ya jogoo. Tena kulikuwa na mzee mmoja kule Naviundu, mwenye mashine ya kusaga, aliyekuja mara kadhaa kumwomba amtengenezee mota. Baba alikataa kila mara. Nilimsikia akimweleza mama kwa sauti ya chini:

— Kama banaona niko natumika kazi fasi ingine, batakata jina yangu. Batasema huyu amekwisha kupata.

Alikuwa anaogopa. Mvivu hupata usingizi, baba hakuupata. Na woga wake ukaanza kula chakula chetu. Mama yako, Fifi, alikuwa hajaanza shule. Nywele zake ziligeuka rangi ya kutu, miguu ikavimba, hata kulia akawa halii kwa nguvu. Akisinzia mchana nilimtikisa, nikiogopa kwamba safari hii hataamka. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, lakini hofu ile sijaweza kuizoea mpaka leo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nkambo, mama mzazi wa baba, alishuka treni kutoka Kabalo bila kutuarifu.

— Papa yenu iko wapi? akaniuliza.

— Papa eko ku kazi, nkambo.

Akafunua sufuria, akaifunika. Akamshika Fifi nywele, akazitazama. Kisha akamfunga mgongoni, akaniambia nimpeleke akaione hiyo kazi.

Baba alipotuona alisimama haraka, kofia kichwani, asijue mikono aiweke wapi.

— Munangoya nini hapa? Nkambo akauliza.

— Kuitwa, mama. Banasema bataita bantu.

— Bon. Na miye nangoya.

Akakaa chini kwenye vumbi, katikati ya wanaume, akamlaza Fifi mapajani. Mmoja akamtania kwamba hapa hawaandiki vikongwe. Nkambo akajibu kwamba basi watamwandika mjukuu wake, wakacheka. Jua likapanda. Lango lilifunguliwa kwa ajili ya magari tu. Fifi alilia kidogo, halafu akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikotutisha. Nilimwona baba analitazama lango, anamtazama mtoto, analitazama tena lango.

— Mama, peleka mutoto ku nyumba. Eko mugonjwa.

— Haiko bugonjwa, ni njala. Ku nyumba akakule nini? Acha angoye na baba yake. Kama banakuita, yeye pia asikie.

Baba akasema polepole kwamba akiondoka leo, huenda leo ndiyo siku watakayoita. Hapo nilidhani Nkambo atapiga kelele, maana alikuwa mkali, lakini aliongea kama mtu anayembembeleza mtoto.

— Mwana wangu, miye nilikuzala kabla kampuni ikujue. Ile siku hapana muntu alikuita, na ulikuya. Lango ikifungwa, weye utakuwa tu mwana wangu, na huyu atakuwa tu mwana wako. Weye unaweza kungoya. Huyu hataweza.

Baba akavua kofia, akainamisha kichwa, na labda alilia. Akaondoka bila kuwaaga wenzake, sisi nyuma yake, kwa miguu hadi Naviundu. Mota ile ilikubali jua likielekea kuzama. Mwenye mashine akataka kumlipa unga, akamuuliza autie wapi, na baba hakuwa na mfuko. Mifuko yetu yote ilikuwa juu ya kabati, safi, ikingoja posho. Akaigeuza kofia.

Tukarudi nyumbani baba ameishika kofia iliyojaa unga kwa mikono miwili, mbele ya majirani wote, wale wale tuliowaambia yuko kazini. Mama akapika uji. Fifi akanywa vijiko vichache, akatapika, akanywa tena. Ilichukua muda mrefu kabla sijaacha kumtikisa.

Lakini usidhani baba alipona siku ile. Alitengeneza mashine za watu mpaka uzeeni, akatulisha, akatusomesha, na ukimuuliza, mikono yake imejaa grisi, alijibu: "Siko na kazi. Niko najitafutia tu." Alikufa akiamini kwamba hakuwa na kazi. Hilo linaniuma kuliko njaa yenyewe. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Yeye jembe alilishika, akalima, akavuna, na bado hakujiita mkulima.

Sasa wewe. Umesomea umeme na mitambo, diploma imetundikwa ukutani. Mama Odia wa Naviundu amekuja hapa tena na tena kukuomba uiangalie mashine yake ya kusaga. Nilipokuuliza kwa nini huendi, ulinijibu hivi:

— Mama mukubwa, gari ya papa mudogo inapitaka pale. Kama ananiona na mafuta ku mikono, atasema nimekwisha kupata, hatanitafutia tena.

Niliketi, mwanangu. Babu yako alikufa kabla hujazaliwa, na maneno yake yametoka kinywani mwako kana kwamba alikuachia urithi.

Najua baba yako mdogo hutuma mfuko wa unga kila mwezi. Mungu amzidishie. Mwezi huu haujafika. Juzi niliingia kwenu saa ya kula, nikamwona mama yako akiusogeza bukari wake, ugali wake wote, kwenye sahani yako, akisema yeye amekwisha kula. Hakuwa amekula. Namjua tangu nywele zake zikiwa na rangi ya kutu. Wewe ulikuwa unawaza Golf, ukala, hukuona.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na si tumbo la anayengoja peke yake. Kwa hiyo nisikilize. Usimwite mvivu mtu asiye na kazi, maana mji huu una vijana wengi kuliko malango ya kuwapokea, na wengi wao hawalali. Msaada ukija, upokee kwa mikono miwili na ushukuru. Ila usiufiche uwezo wako ili uendelee kuhurumiwa. Baba yako mdogo akikukuta na mafuta mikononi akakuacha kwa sababu hiyo, basi jua kwamba hakuwa anakutafutia. Nenda kamwombe kazi tena, kuomba si aibu, lakini mota ya Mama Odia isingoje jibu lake. Kazi ni kazi hata kama hakuna aliyekuita jina. Na ukirudi na grisi mikononi, usithubutu kusema mbele yangu kwamba huna kazi. Nimekwisha kuzika mtu mmoja aliyesema hivyo.

Sijui kama utanisikia. Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa mlangoni pangu. Ukitoka, mkono wa kushoto ni njia ya Golf, wa kulia ni njia ya Naviundu. Sitakuita, nitasikiliza tu miguu yako, na moyo wangu utakuwa unaruka.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aliyemsikia Nkambo langoni aitie nguvu mikono yako. Njia ikupokee vizuri, mashine zikutii, njaa ilisahau jina lako. Na mama yako, mtoto yule wa mapajani, ale sahani yake mwenyewe mpaka aimalize.