Fundi wa Kola

Fundi wa kola, ndivyo mtaa mzima unavyomwita mpaka leo, ingawa kiwanda cha mashati kimeshafungwa. Serikali ilimwaga ruzuku ili mwekezaji aje kuwaajiri watu wa huku. Ruzuku ilipokoma, mwekezaji naye akafungasha virago, akang'oa hata feni za darini. Akawaacha mafundi, na kila fundi anajua kipande kimoja tu cha shati. Huyu ni kola. Mpe kola, ataishona ikukae shingoni kama umezaliwa nayo. Mpe mkono wa shati, atakuuliza unaanzia wapi.

Siku hizi cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha, na watu humletea mashati yaliyochakaa shingoni. Hushona ameuma pini pembeni mwa mdomo, bega moja juu. Akimaliza hukata uzi kwa meno, kisha, bila kutazama, hunyoosha mkono wa kushoto na kuliachia shati. Kiwandani, upande huo wa kushoto ndipo alipokaa shoga yake, fundi wa vifungo, akilidaka kabla halijagusa meza. Hapa nyumbani linaanguka sakafuni.

Juzi liliokotwa na wifi yake, aliyekuja kumjulia hali. Akalikung'uta vumbi. "Jamani wifi, mashati ya watu haya! Si uweke hata kiti hapo kando?"

"Nilikiweka," akajibu, pini ingali mdomoni. "Nikakiondoa mwenyewe. Kila nikigeuka nakikuta kitupu."