Mtungi wa Darasa la Tano

Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nilikula kwenye sahani za kauri, nilizozinunua kwa udongo wa bonde la chini ya Kinyinya. Shule niliishia darasa la pili. Nikaapa binti yangu hataishia hapo.

Mwaka wa tisini na tatu alikuwa darasa la tano, Mtwa peke yake shuleni, wa jamii yetu ya wafinyanzi ambayo wengine huibagua. Wenzake, ambao mama zao walipikia vyungu vyangu, hawakugusa kikombe alichonywea. Siku moja akaniambia, "Mama, sirudi. Nifundishe udongo."

Nikamfuata mwalimu wake wa sayansi, kijana mwenye viatu vilivyochanika. Hakubishana nami.

"Mama, niletee mtungi. Na uje ufundishe mwenyewe."

"Mimi? Nifundishe nini?"

"Kwa nini maji yake ni baridi."

Nilikwenda na kitenge changu cha kanisani. Nikawaambia: mtungi uliochomwa vizuri hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Wakacheka. Mwalimu akampa binti yangu kipimajoto. Akakitumbukiza kwenye jerikani, kisha kwenye mtungi, akasoma kwa sauti. Kicheko kikaisha. Mwalimu akateka maji kwa kikombe, akampa binti yangu kwanza, kisha akanywa yeye.

"Nani anaonja?"

Msichana mmoja akajitokeza. "Ayii, iko baridi!" Wakapanga foleni.

Hapo nikamwona mkuu wa shule dirishani. Alimtazama kila anayekunywa, akaandika jina lake kwenye daftari.

Jumatatu mwalimu hakuonekana. Chumba alichopanga kilikuwa wazi, mlango unapigapiga. Nilipouliza, mkuu hakuinua hata kichwa.

"Rudi kwenye udongo wako, mama. Na huyo binti hayumo tena kwenye rejista."

Mtungi tuliukuta nje ya geti, mdomo chini. Mimi, niliyejua kugombana na wateja wa Remera mpaka wakome, siku ile sikufungua kinywa. Niliogopa, basi.

Binti akaubeba mtungi kichwani hadi nyumbani. Kipimajoto alikuwa nacho, kwenye soksi. Kila asubuhi akapima mtungi, akapima jerikani, akaandika ukutani kwa mkaa, namba mbili mbili, kama alivyofundishwa. Barabarani vijana walianza kupita makundi wakiimba, marungu begani. Yeye anapima.

Mstari wa mwisho, wa Aprili mwaka uliofuata, una namba ya mtungi tu. Jerikani nilikuwa nimeshaibeba, namwita tukimbie.