Mama Angela na Daktari wa Ng'ambo ya Kamba

Dafrosa, ambaye mtaa mzima wa Makanyagio ulimwita Mama Angela, aliuza mchele wa Mpimbwe na alikuwa na presha. Presha yenyewe haikumsumbua sana. Alipenda tu kwenda zahanati, kwa sababu Daktari Celestin alikuwa na tabia ya kumshika mgonjwa mkono na kumsikiliza mpaka mwisho, hata habari za binti aliyeolewa Karema.

Korona ilipoingia, daktari akafunga kamba ya katani katikati ya uwanja wa zahanati. Meza yake ikakaa upande mmoja chini ya turubai, wagonjwa upande wa pili kwenye benchi. Dawa ziliwafikia kwa beseni, ambalo Nesi Scolastica alilifunga kwenye ncha ya mti mrefu. Na kwa kuwa daktari alivaa barakoa mbili, na bodaboda hazikomi kupita pale, ilibidi kila mtu apaze sauti.

"Mama Angela! Choo unapata?"

"Unasemaje, daktari?"

"Anauliza choo!" benchi zima likamsaidia.

"Napata!"

"Anapata!" wakamfikishia daktari.

Hawakuwa na ubaya. Ila sokoni wateja wakawa wanamwuliza habari za choo kabla ya bei ya mchele.

Asubuhi moja akiwa anaoga, Dafrosa akagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage. Hata genge hakufungua. Akaenda zahanati moja kwa moja.

"Shida nini leo?" daktari akapaza sauti.

Dafrosa akatazama benchi. Wote walikuwa wameinama mbele, tayari kusaidia.

"Goti!" akasema.

Beseni likaja na dawa ya kuchua. Juma lililofuata akasema sikio, akaletewa matone. Halafu minyoo. Kila akirudi nyumbani punje ilikuwa palepale, usingizi umemkimbia, na wanawake wa jumuiya yake ya kanisani wameanza kumwombea goti, sikio na minyoo, kwa mpangilio huo huo.

Aliyechoka kwanza ni daktari. "Mama Angela, mimi nakufahamu. Goti lako zima, nimekuona unavyotembea. Unaumwa nini?"

Dafrosa akasimama. Akafungua mdomo. Yakatoka machozi.

"Amesemaje?" akauliza Mzee Aristide, ambaye alikuwa ameletwa kwa bodaboda na kubebwa mpaka kwenye benchi, maana mguu umevimba hata kukanyaga hawezi.

"Bado hajasema," benchi likamjibu. "Mama Angela, sema tu, tupo!"

Daktari akawatazama. Kisha akashusha barakoa zote mbili mpaka kidevuni, akaruka kamba, akaligeukia benchi na kukohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, cha makusudi kabisa.

Benchi likapinduka. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, kandambili zikabaki uwanjani. Mzee Aristide akawapita wote, akaruka mtaro, akawa wa kwanza kufika barabarani.

Daktari akapandisha barakoa. "Haya, mama. Tumebaki wenyewe."

Dafrosa akamwambia. Scolastica akaleta maji na sabuni, wakaingia ndani, daktari akampima kwa mikono yake mwenyewe, taratibu. Baadaye Dafrosa alisema alilia zaidi kwa kule kushikwa kuliko kwa hofu.

Alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Uvimbe ukatolewa, vipimo vikaonyesha si saratani.

Wenzake wa benchi wakanuna. "Sisi tunakuombea goti, kumbe mwenzetu una siri!" Eufrazia, jirani yake, akamlaumu palepale gengeni.

"Ningewaambia saa ngapi? Nyie si mlikimbia?" Dafrosa akajibu, akimpimia mchele.

Mzee Aristide hakuonekana zahanati kwa muda mrefu. Mguu ulikuwa bado unauma kweli, lakini kila alipowaza kubebwa tena mpaka kwenye lile benchi, aliona aibu.